Umeteleza ukaumia kwenye jengo la mtu? Hesabu siku zako za kufungua madai kabla hazijaisha

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Mama mmoja mchuuzi wa ndizi kutoka Tukuyu aliniwekea mezani bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti cha hospitali, picha mbili za eksirei, risiti za dawa zilizopangwa vizuri kwa tarehe, na barua tano kutoka kwa mwenye duka la jumla alikoteleza, zote zikisema "suala lako linashughulikiwa". Kifundo cha mguu kilivunjika, sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, kibao cha tahadhari hakikuwepo. Madai mazuri kabisa. Tatizo lilikuwa moja: tangu siku ile ilikuwa imepita miaka mitatu na wiki mbili.

Watu wengi huku Nyanda za Juu Kusini wanakwama hapohapo. Ushahidi wanao, wamechelewa tu, na mara nyingi wamechelewa kwa sababu waliamini barua, kikao cha mtaa au ahadi ya simu vinasimamisha muda. Havisimamishi. Kinachosimamisha muda ni shauri lililofunguliwa kwenye mahakama yenye mamlaka, basi. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa msingi huo, na zinahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

## Andaa hivi kwanza

- Cheti au karatasi ya hospitali inayoonyesha tarehe ya kwanza ya matibabu
- PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kama tukio liliripotiwa polisi
- Risiti zote: dawa, eksirei, vifaa, nauli ya kwenda kliniki
- Picha za mahali ulipoanguka, zikiwa bado kwenye simu iliyozipiga
- Majina na namba za simu za watu wawili au watatu walioona
- Risiti ya manunuzi, tiketi au chochote kinachoonyesha ulikuwepo pale siku ile
- Daftari dogo na kalenda ya ukutani

Usicheke hiyo kalenda. Ndicho kifaa ambacho waliopoteza madai hawakukitumia.

## Hatua ya 1: Ifunge tarehe ya tukio kwa maandishi

Muda wa ukomo, yaani muda ambao sheria inakupa kufungua madai, huanza siku haki ya kudai inapozaliwa, na kwa mtu aliyeteleza akavunjika, siku hiyo ni siku aliyoanguka. Muda hauanzi siku hogo lilipotolewa, wala siku daktari aliposema mguu hautarudi kama zamani. Hauanzi pia siku mwenye jengo alipokataa kulipa.

Kwa hiyo unahitaji karatasi isiyo yako inayoitaja tarehe hiyo. Bora kuliko zote ni ya hospitali. Ukifika mapokezi eleza kisa kizima: "nimeteleza kwenye ngazi za duka fulani", usiseme tu "mguu unauma". Kinachoandikwa siku hiyo ndicho kitakachosomwa mahakamani miaka miwili baadaye.

Hapa nina neno kwa wanaokwenda moja kwa moja kwa mzee wa kuunga mifupa. Sibishani na mikono yake, wapo waliopona. Lakini mzee hakuandikii cheti. Ukienda hospitali siku ya kumi, mwenye jengo atauliza siku tisa ulikuwa wapi na kama hukuanguka kwingine, hasa kipindi cha masika ambapo kila njia ya Tukuyu ni utelezi. Anza hospitali, pata karatasi, mengine yafuate.

Polisi nao: kwa kuteleza tu si kila mara PF3 inadaiwa, lakini kuripoti kunakupa kumbukumbu nyingine yenye tarehe. Haidhuru.

Picha usizifute kwenye simu hata ukishazichapisha. Ushahidi wa kielektroniki unaweza kuhojiwa umetoka wapi, na simu yenye picha halisi hujibu swali hilo kirahisi.

*Umefaulu ikiwa:* una angalau karatasi mbili, kutoka sehemu mbili tofauti, zinazotaja tarehe ileile.

## Hatua ya 2: Jua unamdai nani hasa

Hatua hii huchosha, na ndiyo inayoua mashauri mengi baada ya ile ya muda. Jengo lina mwenye nyumba. Ndani yake kuna mpangaji mwenye duka. Anaweza kuwepo pia mkandarasi wa usafi aliyeacha maji sakafuni. Unayemdai ni yule aliyekuwa na udhibiti wa mahali pale na aliyejua, au alipaswa kujua, kwamba pana hatari.

Jina lililoandikwa juu ya mlango si lazima liwe mtu kisheria. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, halina uhai wake kisheria. Nyuma yake kuna mtu, na njia salama ni kumwandika yeye, kwamba anafanya biashara kwa jina hilo. Kampuni ni kitu kingine, hiyo ina uhai wake. Fanya upekuzi BRELA mapema. Ukimshtaki asiyehusika, ukagundua kosa mwaka wa nne, kumwingiza mdaiwa sahihi wakati huo ni kumkaribishia pingamizi la muda mlangoni.

Halafu jiulize swali linalobadili kila kitu: mahali hapo ni pa mtu binafsi au pa umma? Vibanda vingi vya sokoni na stendi viko chini ya halmashauri. Mtaro usio na mfuniko mbele ya duka unaweza kuwa wa jiji, wa manispaa au wa wakala wa barabara, wala si wa mwenye duka. Swali la pili: ulikuwa mteja au ulikuwa kazini?

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kuandika kwa mstari mmoja jina kamili la kisheria la mdaiwa na anwani yake.

## Hatua ya 3: Chagua muda unaokuhusu

Mtu binafsi au kampuni: miaka 3. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai yatokanayo na madhara ya kiraia, na uzembe wa kuacha sakafu yenye utelezi umo humo. Miaka sita ambayo watu huitaja vijiweni ni ya madai ya mikataba. Nimesikia hoja kwamba mgeni aliyelipia chumba gesti ana mkataba, hivyo ana miaka sita. Hoja hiyo mpe wakili aijaribu akiwa hana njia nyingine. Wewe usipange maisha yako juu yake.

Serikali, halmashauri, wakala au shirika la umma: panga kama una mwaka 1. Miaka mitatu ya uzembe ipo, lakini jedwali la sheria hiyohiyo lina kipengele kinachotoa mwaka mmoja tu kwa madai ya fidia dhidi ya kitendo, au kuacha kutenda, kunakodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa. Wakili wa upande wa pili akikiona anaweza kukitumia. Ukiwahi ndani ya mwaka, huna haja ya kubishana.

Zaidi ya hapo, Sheria ya Mashauri ya Madai dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki kabla hujafungua chochote. Notisi huenda kwa taasisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mimi hushauri nakala nyingine iende kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri hata kama unayemdai ni halmashauri, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Uliza ni kanda ipi ya Mahakama Kuu inayohudumia mkoa wako.

Piga hesabu sasa. Siku 90 ni miezi mitatu. Usitegemee kwamba utarudishiwa siku hizo mwishoni. Peleka notisi miezi miwili ya mwanzo.

Ulikuwa kazini: miezi 12. Aliyeteleza akibeba magunia ghalani Makambako, au akisafisha mashine ya mbao Mafinga, njia yake ya kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Toa taarifa kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi. Naye ana siku saba za kuripoti kwenye Mfuko. Madai yenyewe yanatakiwa yawasilishwe ndani ya miezi kumi na miwili tangu ajali. Mwajiri akikuambia "tulia kwanza upone", pona, lakini barua yako iwe imeshapokelewa.

Mtoto. Kwa aliyeumia akiwa chini ya miaka 18, muda unahesabiwa kuanzia anapotimiza miaka 18. Aliyeanguka kwenye ngazi akiwa na miaka 9 anaweza kudai hadi karibu na umri wa miaka 21. Sheria ina nafuu ya namna hiyo pia kwa mtu ambaye siku ya tukio hakuwa na akili timamu. Mzazi asisubiri kwa sababu hiyo: anaweza kufungua shauri sasa kwa niaba ya mtoto, wakati mashahidi bado wapo na jengo halijakarabatiwa.

Kulazwa hospitali, hata miezi mitano, hakumo kwenye nafuu hizo. Wala kukosa nauli.

*Umefaulu ikiwa:* umeandika kwenye daftari namba moja tu, na sababu ya kuichagua.

## Hatua ya 4: Piga hesabu, kisha rudi nyuma

Tuseme ulianguka Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, kwenye duka la mtu binafsi. Siku yenyewe ya tukio haihesabiwi. Miaka mitatu inaanza tarehe 15 Machi 2023 na kuisha tarehe 14 Machi 2026. Tazama kalenda: hiyo ni Jumamosi.

Sheria inasema muda ukiisha siku ambayo mahakama imefungwa, unaweza kufungua siku inapofunguliwa. Ni kweli, ila siku hizi hati zinapokelewa kwa mtandao hata usiku, na mpinzani wako atauliza kwa furaha kama kweli mahakama ilikuwa imefungwa. Kwa nini umpe nafasi hiyo?

Weka alama tatu kwenye kalenda:

1. Miezi 18 baada ya tukio: mwisho wa mazungumzo ya hiari. Kwa mfano wetu, 14 Septemba 2024.
2. Miezi 30: hati ya madai iwe imeandikwa na kusainiwa. Hiyo ni 14 Septemba 2025.
3. Miezi 33: shauri liwe limesajiliwa. 14 Desemba 2025.

Miezi mitatu inayobaki ni ya mtandao kusumbua, wakili kuumwa, na gari kukwama mlima Kitonga.

Kwa madai dhidi ya taasisi za umma gawanya hesabu hii kwa tatu, ukianza na ile notisi.

## Hatua ya 5: Andika barua ya madai, ukijua haisimamishi chochote

Barua ni nzuri. Mwenye duka mwenye busara, au kampuni yake ya bima, anaweza kulipa bila mahakama. Andika tarehe, mahali, jinsi ulivyoanguka, majeraha, kiasi unachodai, na siku ya mwisho ya kujibu: siku 14 au 21 zinatosha. Pata sahihi au muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kisha sikia vizuri. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba majadiliano ya kabla ya shauri si sababu ya kusimamisha muda. Iwe ni barua tano au hamsini, kikao kwa mwenyekiti wa mtaa, au wazee wa pande zote mbili wakikaa chini ya mwembe, siku zinahesabika vilevile. Sidhani kila anayejibu "tunalishughulikia" ana nia mbaya. Lakini nia yake haikusaidii.

Kuwa mwangalifu na hela ya pole. Kwetu ni utu kumtembelea mgonjwa na kumpa kitu, na kukataa huonekana kiburi. Pokea. Ila ukiletewa karatasi ya kusaini, isome hadi mstari wa chini. Maneno "nimepokea na sitakuwa na madai mengine" yanaweza kumaliza madai ya mamilioni kwa laki mbili. Omba iandikwe: "nimepokea kama sehemu ya gharama za matibabu, na haki yangu ya kudai inabaki." Akikataa kuandika hivyo, umeshajua karatasi ile ilikuwa ya nini.

*Umefaulu ikiwa:* umelipwa kwa makubaliano ya maandishi unayoyaelewa, au ile alama ya miezi 18 imefika na umesonga mbele bila kusubiri jibu.

## Hatua ya 6: Fungua shauri mahali sahihi

Tafuta wakili wa kweli. Usiliache faili mikononi mwa kishoka anayezunguka nje ya uzio wa mahakama. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unakuonyesha kama mtu ni wakili aliyesajiliwa na anaruhusiwa kufanya kazi. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria. Sisi wasaidizi hatuwakilishi watu mahakamani, lakini tunakuelekeza na kukusaidia kupanga nyaraka. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako.

Usianzie Mahakama ya Mwanzo. Watu huikimbilia kwa sababu iko karibu na gharama ni ndogo. Mamlaka yake kwenye madai ni sheria za kimila na Kiislamu na madeni ya kimkataba. Uzembe wa namna hii si wake. Dhidi ya mtu binafsi, nenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Ukiwa umeshakosea, pana afueni: siku ulizotumia kwa nia njema na bila uvivu kwenye mahakama isiyo na mamlaka, dhidi ya mdaiwa huyohuyo na kwa madai hayohayo, zinaweza kutolewa kwenye hesabu. Itabidi uthibitishe nia na bidii hiyo.

Hati ya madai ijitosheleze. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Iseme tukio lilitokea lini na wapi, na kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka. Tarehe usiiache kwenye viambatanisho. Pingamizi la awali la muda likija, hakimu husoma hati yenyewe, hasubiri ushahidi wako. Na kama unafungua baada ya muda wa kawaida kwa sababu ya nafuu, mfano utoto, nafuu hiyo lazima itajwe ndani ya hati.

Gharama zenye risiti, yaani fidia mahususi, ziorodheshe moja moja kwa kiasi chake, kwa sababu usichokitaja na kukithibitisha hulipwi. Maumivu na kupoteza uwezo wa kufanya kazi huingia kwenye fidia ya jumla, ambayo mahakama huikadiria yenyewe. Kama na wewe ulichangia, mfano ulikuwa unakimbia ngazini na simu sikioni, mahakama inaweza kupunguza fidia kulingana na sehemu yako ya kosa.

Lipa ada palepale. Hati hupakiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Hati iliyopakiwa na kuachwa bila ada ni ugomvi unaosubiri siku yake. Nimeona mtu akipakia Ijumaa, akalipa Jumatano, na mwisho wake ulikuwa Jumatatu.

*Umefaulu ikiwa:* una namba ya shauri, stakabadhi ya malipo, na vyote vina tarehe iliyo ndani ya muda wako. Piga picha, hifadhi sehemu mbili. Mdaiwa akishapelekewa wito ana siku 21 za kuleta utetezi wake, na hapo ndipo pingamizi la muda, kama lipo, hujitokeza.

## Muda ukiwa umeshapita

Kwanza, hesabu upya. Huenda aliyeumia alikuwa mtoto, au mdaiwa alikuwa nje ya nchi kwa kipindi fulani, au ulikuwa kwenye mahakama isiyo na mamlaka. Nafuu hizi zipo kwenye sheria.

Pili, usimwombe hakimu akuongezee muda wa kufungua shauri. Uwezo wake wa kuongeza muda ni kwa rufaa na maombi. Kwa shauri jipya, mwenye uwezo huo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na nyongeza haiwezi kuzidi nusu ya muda wa awali. Kwa miaka mitatu, ni mwaka mmoja na nusu. Unaomba kwa maandishi, ukieleza sababu na kuambatanisha uthibitisho. Ni hiari yake, si haki yako.

Tatu, usifungue kwa kubahatisha ukitumaini mdaiwa hatagundua. Sheria inaiamuru mahakama kulitupilia mbali shauri lililochelewa hata kama mdaiwa hakusema neno, na lililotupiliwa mbali kwa ukomo hulirudishi tena pale mlangoni, tofauti na lile lililoondolewa kwa dosari ya hati.

Yule mama wa Tukuyu tulimwandikia Waziri. Barua yake ina kurasa nne, na risiti zote zimeambatanishwa kwa mpangilio uleule aliokuja nao.